Maswali na majibu: risasi ya wastani kwa mbogo na pofu

Nina bunduki ya risasi za .30-06, na kibali changu cha uwindaji kina pofu na mbogo. Bunduki moja itatosha? (Msomaji, Morogoro)

Kwa pofu inatosha. Kwa mbogo usiibebe.

Pofu dume aliyekomaa hufika kilo 900, lakini akijeruhiwa hukimbia. Kumrudia mtu si tabia yake. Tumia kichwa cha risasi cha greni (kipimo cha uzito) 180 au 200 ambacho koti lake la shaba limeshikamana na kiini cha ndani, au kilichotengenezwa kwa shaba tupu. Vichwa laini vya bei rahisi hupasukia begani na kuishia kwenye nyama.

Kwa wanyama hatari, kiwango cha chini Tanzania ni risasi ya kipenyo cha inchi .375, na kiwango hicho kina sababu. Kichwa cha greni 180 cha .30-06 hutoka mtutuni kwa takriban mita 820 kwa sekunde, kikiwa na nishati ya jouli 3,950 hivi. Cha .375 H&H, greni 300, hutoka kwa mita 770 na jouli karibu 5,800. Namibia hupima kwa nishati: pofu jouli 2,700, mbogo 5,400. Kipimo ni tofauti, lakini jibu kuhusu .30-06 ni lilelile.

.300 Winchester Magnum ina nishati sawa na 9.3x62. Kwa nini wawindaji huiamini 9.3 kwa mbogo kuliko .300? (Msomaji, Arusha)

Kwa sababu nishati haikuambii risasi itaingia umbali gani. Kichwa cha .300 kina greni 180 na mwendo wa mita 900 kwa sekunde; cha 9.3 kina greni 286 na mwendo wa mita 720 tu. Jouli zinakaribiana, 4,700 na 4,800. Lakini chepesi kinachokwenda kasi kikigonga mfupa wa bega hutanuka mapema, hupoteza uzito na kusimama kabla ya pafu la pili. Kizito husukuma mbele hata kikishapungua kasi. Mbogo huhitaji kina: ngozi nene, mbavu pana zilizokaribiana, na mara nyingi tope lililokauka juu yake.

Hata hivyo, 9.3 ina kipenyo cha inchi .366, yaani haifiki .375. Kabla ya kuipanga kwa mbogo hapa nchini, pata jibu la maandishi kutoka TAWA, mamlaka ya wanyamapori Tanzania. Maneno ya dukani hayatakusaidia porini.

Mbona Bell aliua tembo kwa 7x57? (Msomaji, Kampala)

Ni kweli, W.D.M. Bell, mwindaji maarufu wa tembo, aliwinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20 kwa bunduki hiyo ndogo. Alitumia kichwa kigumu (kisichotanuka) cha greni 173, kirefu, chenye ncha ya mviringo, na shabaha yake ilikuwa ubongo. Alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi kutoka kila pembe. Mfano wake unathibitisha kwamba kichwa kisichopinda kikifika mahali pake kinaua. Hauthibitishi kwamba mteja anayehema baada ya saa tano za kufuata nyayo atafika hapo.

Nimlenge wapi mbogo aliyesimama ubavu? (Msomaji, Songea)

Fuata mguu wa mbele kwenda juu, usimame theluthi moja ya kimo cha mwili. Moyo uko chini na mbele kuliko wengi wanavyodhani. Anayelenga katikati ya mwili nyuma ya bega hupiga ukingo wa pafu au tumbo, na wanaoingia kichakani kumfuata ni skauti na wafuatiliaji nyayo. Uhai wao ndio ulioko kwenye shabaha yako.

Risasi ya kwanza iwe ya kutanuka, zinazofuata ngumu. Ngumu hutoboa na kutoka upande wa pili, kwa hiyo kwenye kundi hakikisha hakuna mwingine nyuma yake. Ukishapiga, piga tena maadamu amesimama. Hata akianguka na kutoa ule mlio mrefu wa mwisho, mkaribie kwa nyuma na umalize.

.375 inanitikisa hadi nakosa shabaha. Nirudi kwenye bunduki ndogo? (Msomaji, Dodoma)

Kwanza hakikisha tatizo ni lipi. Mwombe mwenzako akujazie magazini bila wewe kuona, akichanganya risasi bandia na za kweli. Ukivuta kifyatulio kwenye bandia na mtutu ukazama, unashtuka kabla ya mlipuko. Fyatua bandia nyumbani kila siku. Uwanjani usizidishe risasi kumi za kweli kwa siku moja, upige ukiwa umesimama na kuegemeza bunduki kwenye fimbo tatu zilizofungwa pamoja, mita 50 hadi 80. Ukipiga umeketi mezani, teke la bunduki huuma zaidi kwa sababu mwili hauwezi kurudi nyuma. Kagua pia darubini ya bunduki: ikiwa chini ya sentimita 9 kutoka jichoni, itakuchana nyusi, na hofu hiyo ndiyo inayokufumba macho.

Baada ya wiki sita bado unashtuka? Piga pofu kwa .30-06, mbogo asubiri msimu mwingine.