MUULIZE FUNDI: Laki tisa na nusu ninazo mkononi, nichukue Walkman au simu?

SWALI

Shikamoo anko fundi. Mimi ni kijana wa miaka 24, nipo Uyole hapa Mbeya, nalima viazi na vingine nanunua kwa wenzangu nasafirisha, na jumapili nafundisha kwaya kanisani kwetu, mwenyewe naimba sauti ya tatu. Msimu huu Mungu kanisaidia, nikishatoa hela ya mbegu na mbolea nimebakiwa na laki tisa na nusu. Sasa kuna jamaa karudi kutoka nje, ana Walkman ya Sony, sio zile za kanda, hii ya kisasa ya kioo, inatumia Android na waifai ipo ila laini haiweki, anaiuza laki tisa. Anko, alinivalisha hedifoni dakika kumi tu, nikasikia waimbaji wa alto wanavuta pumzi kabla ya kuingia kwenye kiitikio! Wimbo huo nausikiliza tangu nikiwa mdogo na hizo pumzi sikuwahi kuzisikia. Tangu siku hiyo usingizi sipati vizuri. Ila simu yangu ni kitochi, batani ya 5 imekufa, wateja wa Dar wakitaka picha ya mzigo nashindwa kutuma, dada yangu na mchumba wangu wanasema niache utoto ninunue simu janja. Nifanyeje anko?
Mpenda Sauti, Uyole

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeirudia mara tatu, hapo kwenye pumzi za alto ndio nimekaa sana, kwasababu mtu akishasikia kitu kama hicho harudi tena kuwa msikilizaji wa zamani. Kwahiyo kabla ya yote waambie hao wa nyumbani kwa heshima kwamba kupenda sauti safi sio utoto, mwalimu wa kwaya masikio yake ni kama jembe, ukilinoa unalima vizuri.

Lakini nunua simu.

Ngoja nikueleze kwanini, maana sitaki ununue simu huku moyo umeinama. Kilichokutetemesha zile dakika kumi sio Walkman peke yake, na kwa uzoefu wangu wala sio Walkman kwa sehemu kubwa. Muulize huyo jamaa vitu viwili, wimbo ule ulikuwa faili la aina gani, na hedifoni zile ni zipi na ni za bei gani. Nina uhakika utakuta faili lilikuwa zito na hedifoni ni za maana. Wewe nyimbo zako umezoea kuzipata wapi? Kama ni kwenye vile vibanda vya kujaza memori kadi pale Mwanjelwa au Kabwe, elfu moja unajaziwa nyimbo mpaka unachoka, basi hizo ni MP3 zilizobanwa, zikatumwa, zikabanwa tena. MP3 ilitengenezwa na wataalamu wa Ujerumani kule Fraunhofer na kazi yake ni kupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sauti ambazo sikio la kawaida halizijali sana. Wimbo wa dakika 4 kwenye CD unakula kama megabaiti 42, ukibanwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde unabaki kama megabaiti 4. Sasa jiulize zile megabaiti 38 zilienda na nini, huenda humo humo ndio zilififia pumzi za alto, mlio wa ukumbi, vidole kwenye nyuzi za gitaa. Na ukishakoboa mpunga wa Kyela huwezi kulirudisha ganda, hata ukiliweka faili hilo kwenye kifaa cha milioni nne kitakupigia ule ule wimbo uliokobolewa.

Kwahiyo tafuta mafaili mazuri, MP3 ya kilobiti 320 inatosha watu wengi kabisa, na ukitaka bila kupoteza chochote kuna FLAC, huo wimbo wa dakika 4 utakula kama megabaiti 25 hivi au 30. Tena wewe una bahati wenzako hawana, nyie ni kwaya, siku mkienda studio mwambieni prodyuza awape WAV zenu, yani mafaili yasiyobanwa, msiondoke na MP3 tu, na mkitumiana WhatsApp tumeni kama dokumenti ili faili lifike kama lilivyo.

Nisikudanganye, Walkman ile ina faida zake. Ndani yake kile kijisehemu kinachogeuza namba kuwa sauti na kile kinachosukuma hedifoni vimetengenezwa kwa uangalifu kuliko kwenye simu ya laki nne, na ukiwa na hedifoni kubwa zinazohitaji nguvu tofauti utaisikia. Ila fanya jaribio hili kabla hujatoa hata shilingi: mwombe jamaa akuazime zile zile hedifoni na lile lile faili, tafuta mtu mwenye simu yenye tundu la pini, chomeka, sikiliza kwa sauti inayolingana. Pumzi za alto utazisikia. Labda sio kwa upana ule lakini utazisikia, na hapo ndio utajua hela yako ilitakiwa iende wapi.

Kuna jambo lingine linaniuma na nalisema kwasababu lilinikuta. Mwaka 2012 nilijinyima miezi sita nikanunua kifaa cha muziki cha bei mbaya, jina la kampuni naliacha. Nilikipenda mno, nilikuwa nakisikiliza kwenye basi kutoka Iringa mpaka Mbeya naona kama njia imefupishwa. Mwaka wa tatu betri ikavimba. Nikazunguka mafundi wote wa Mwanjelwa, mimi mwenyewe fundi, betri yake haipo, kioo chake hakipo, ukiagiza nje inakaribia bei ya kifaa kipya, mpaka leo kipo kwenye droo. Simu za Tecno, Infinix na Samsung mkoa mzima una vipuri vyake, kioo kikipasuka asubuhi jioni unaongea. Hilo watu wa huku juu tunatakiwa kulifikiria sana kabla ya kununua kitu adimu, Dar ni zaidi ya kilomita 800 na sio kila kitu kinapatikana hata huko.

Na hata wenyewe waliotengeneza hivi vifaa waliona upepo unakoelekea. Sony walitoa Walkman ya kwanza ya kanda Julai 1979, ikabadilisha dunia. Apple wakaja na iPod Oktoba 2001, dola 399, gigabaiti 5, wakasema inabeba nyimbo 1,000 mfukoni. Afu mwaka 2007 Steve Jobs, bosi wa Apple, akasimama jukwaani kuitambulisha iPhone akaieleza kuwa ni iPod, ni simu na ni kifaa cha intaneti kwa pamoja, yani aliimeza bidhaa yake mwenyewe kabla wengine hawajaimeza, na Mei 2022 wakatangaza mwisho wa iPod kabisa. Sony bado wanatengeneza Walkman, na wanaozinunua wengi ni watu ambao simu nzuri tayari wanayo. Wewe huna.

Sasa njoo kwenye viazi. Mteja wa Dar anataka picha wewe huna, anampigia mwingine wa Njombe au Makambako mwenye picha, mzigo wako umelala. Na lumbesa je? Dalali akikujazia gunia mpaka linaota kichwa halafu anakulipa bei ya gunia moja, ukiwa na simu unapiga picha gunia likiwa juu ya mizani na namba inaonekana, unamtumia mteja wa Dar moja kwa moja, mnaongea kwa kilo. Kitochi hela kinapokea, M-Pesa ipo Tanzania tangu 2008 na haihitaji simu janja, lakini ushahidi wa uzito hakikupi.

Na kwaya yenyewe! Hapa ndio nataka dada yako asome. Simu utarekodi mazoezi, utamwimbia kila mtu sauti yake peke yake, soprano, alto, tenor, besi, unawatumia wanafanya mazoezi wakiwa shambani. Kuna programu ya bure inaitwa VLC, inapunguza mwendo wa wimbo bila kuifanya sauti iwe nzito, ule mstari wa besi unaowasumbua unaucheza polepole mpaka unauandika kwenye solfa. Ile Walkman kwasababu ni Android hiyo VLC ingeiweka, ila kumpigia mteja ingekushinda.

Kwenye kuchagua, hela yako igawe hivi: simu isizidi laki nne na nusu, yenye tundu la hedifoni la pini na sehemu ya memori kadi. Usikubali isiyo na tundu, Apple walilitoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016 na wengine wengi wakafuata, ila baadhi ya simu za Tecno, Infinix, itel na Galaxy A bado zinalo. Kwanini nang'ang'ania waya? Kwasababu Bluetooth ya kawaida inabana sauti tena njiani, haifiki hata kilobiti 330, utakuwa umetafuta faili zuri bure. Kisha elfu 70 au 80 weka kwenye hedifoni za waya, na hizi usinunue kwa picha, nenda na wimbo wako dukani uombe kujaribu, mwenye duka akikataa ondoka. Zinazobaki, zaidi ya laki nne, rudisha shambani au ziache zikae, viazi vina misimu yake.

Memori kadi kuwa macho. Zipo zimeandikwa gigabaiti 128 ndani ni 8, nyimbo zinaingia zote vizuri afu siku ya pili nusu hazifunguki. Siku ile ile ya kununua ijaze mpaka juu, fungua za mwisho kabisa, ikigoma rudisha ukiwa na risiti. Simu nayo ukiwa bado dukani bonyeza *#06#, namba ya IMEI itakayotokea, yani namba ya utambulisho wa simu, itume meseji kwenda 15090, utajibiwa ni simu ya aina gani, ilingane na unayoishika. Wanaokumbuka Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, walipozima simu feki wanajua uchungu wake. Na zile simu za mkopo za kulipa kila siku, kwako hapana, hela taslimu unayo, simu ya mkopo ukichelewa inajifunga, na mteja wa viazi hajui kwamba imejifunga.

Kuna kimoja tu ambacho simu haitakupa na sitaki nikifiche. Kifaa cha muziki ukikiwasha unakuwa wewe na wimbo, hakuna anayepiga, hakuna meseji. Mimi hicho ndicho ninachokikumbuka kwenye kile cha droo kuliko hata sauti yake. Kwahiyo ukishamaliza hesabu za siku usiku, na baridi ya Julai hapo Uyole ukiwa ndani ya blanketi, weka simu flaiti modi, chomeka waya, zima taa, sikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho bila kugusa kioo. Fanya hivyo kila siku na hao alto utawajua kwa majina.

Sauti usipandishe sana mwanangu. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 unaweza kusikiliza kama saa 40 kwa wiki, lakini ukifika 90 ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Masikio yakiisha fundi wa Mwanjelwa hana kipuri chake.

Ndaga fijo kwa barua, na siku mkirekodi nitumieni hiyo WAV.

SWALI FUPI

Kamwene kaka fundi. Mimi ni mama wa Kihesa, Iringa. Kijana wangu yuko kidato cha tatu bweni, shuleni simu hawaruhusu, akija likizo anataka simu kubwa kwa ajili ya muziki. Nimeona dukani vile vi-MP3 vidogo vya elfu 15 vya memori kadi. Nimnunulie hicho au ni kumpotezea?

JIBU

Kamwene mama. Mnunulie, hujampotezea. Hakina intaneti wala bando, likizo atasikiliza nyimbo zake na simu ya nyumbani atatumia ya kwako mkiwa wote sebuleni. Ila shuleni asiende nacho mpaka umuulize matroni au patroni, shule nyingi zinakataa kila kitu chenye betri na watamnyang'anya. Vile vijihedifoni vinavyokuja nacho kwenye boksi viweke pembeni, vinapiga kelele za juu tu na mtoto ataishia kuongeza sauti ili asikie besi, mtafutie vya elfu 15 vingine, yani hela ile ile uliyonunulia kifaa. Na betri za hivi vidude zinakufa mapema zikikaa bila chaji muda mrefu, kwahiyo akirudi shule wewe uwe unakichaji mara moja moja hapo nyumbani.