Tovuti ya tiketi inagoma kila Desemba: kache iwekwe wapi?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Tunauza tiketi za mabasi mtandaoni, Dar kwenda Moshi na Arusha. Mwaka mzima mambo ni shwari, ila watu wakianza kwenda nyumbani kwa Krismasi, tovuti inakuwa nzito hadi inagoma. Tumeongeza RAM mara mbili, wapi! Tunatumia Laravel (mfumo wa kuundia tovuti), MySQL (hifadhidata) na Nginx (seva inayopokea maombi ya wateja). Nianzie wapi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Washa slow_query_log ya MySQL, yaani kumbukumbu ya maswali yanayochukua muda mrefu, siku yenye msongamano, kisha uisome. Ninavyoona, utakuta swali lile lile, “Dar–Moshi tarehe 22, vimebaki viti vingapi?”, likiulizwa na maelfu, na kila mara seva inahesabu upya. Weka kache, yaani ghala la muda la majibu, kwenye Redis (programu inayohifadhi data kwenye RAM), jibu likihesabiwa mara moja wanaofuata wapewe hilo hilo.

Ila kila kitu kina umri wake. Ratiba na nauli zikae hata saa nzima. Viti vilivyobaki, sekunde 10 tu. Usizidharau hizo: wakiingia watu 300 kwa sekunde, maombi 3,000 yanajibiwa kwa swali moja la hifadhidata. Lakini mteja akibonyeza “Lipia”, achana na kache. Nenda kwenye hifadhidata yenyewe, funga kiti kwa SELECT … FOR UPDATE (amri inayozuia mwingine asikiguse kwa wakati huo), ndipo umuuzie. Fikiria abiria wawili wenye kiti kimoja, wako stendi ya Magufuli saa 11 alfajiri na watoto na mizigo. Hilo lisitokee kwako.

Mtego wa kwanza ni pale muda wa kache unapoisha. Wale 300 wote wanakuta patupu na kuivamia MySQL kwa mpigo. Laravel kuanzia toleo 11.23 ina Cache::flexible: jibu la zamani linaendelea kutolewa huku moja jipya likiandaliwa. Kama toleo lako ni la nyuma, tumia Cache::lock, mmoja akahesabu na wengine wasubiri.

Mtego wa pili ndio unaoniuma. Ukitaka Nginx ihifadhi ukurasa mzima kwa fastcgi_cache, itakataa, kwa sababu kwa kawaida Laravel hutuma kuki ya sesheni (alama inayomtambulisha mteja) pamoja na agizo la Cache-Control: no-cache, private. Wengi huilazimisha ipuuze vyote viwili kwa fastcgi_ignore_headers Set-Cookie Cache-Control. Nami niliwahi kufanya hivyo, usiku, nikiwa na haraka. Kuki ya mteja mmoja ikahifadhiwa pamoja na ukurasa na kugawiwa kwa kila aliyeingia. Asubuhi mama mmoja akapiga simu: amefungua “Tiketi zangu” na kukuta jina na namba ya simu ya mtu asiyemjua. Kwa hiyo kurasa za wote zitoe kwenye kundi la “web” la Laravel (ndilo linaloongeza sesheni) ili zisitoe kuki kabisa, uzipe Cache-Control: public, na zenye taarifa za mtu zipe Cache-Control: private, no-store, yaani zisihifadhiwe. Kisha fungua tovuti kwa simu mbili zenye akaunti tofauti, ulinganishe ukurasa kwa ukurasa kabla Desemba haijafika.