Azimio la skrini limepitishwa na kikao gani?

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Mi natengeneza tovuti hapa Morogoro. Mteja wangu anataka kila mwezi nimpe ripoti ya wageni wanaoingia kwenye tovuti yake, kama wanatumia simu au kompyuta na skrini zao zikoje. Programu ninayotumia nimeiweka Kiswahili, sasa kuna sehemu imeandika "Azimio la skrini" halafu chini yake namba, 360x800, 1366x768, 1920x1080 na kadhalika. Je hilo neno "azimio" hapo ni sahihi au niandikeje? Na hiyo alama ya x katikati tunaisoma vipi kwa Kiswahili?

JIBU: Si sahihi. Na asante kwa kuuliza, manake na hili neno nina ugomvi wa siku nyingi, nilikuwa nasubiri tu mtu anipe sababu.

Ngoja nianze na kisa. Kuna ushirika mmoja ambao mimi ni mwanachama, siutaji jina, ni watu wema tu. Siku moja kwenye kikao akaitwa kijana wa kompyuta atueleze tovuti ya ushirika inaendaje. Kijana akachomeka projekta, ukuta ukawaka, maandishi makubwa meusi: AZIMIO LA SKRINI, 360x800. Mwenyekiti wetu ni mzee wa enzi za TANU, akavaa miwani, akasoma, akavua, akaifuta kwa ncha ya shati, akavaa tena akasoma upya, halafu akamgeukia katibu.

"Katibu, hili tulilipitisha lini?"

Katibu akafunua makabrasha yake mbele nyuma, halipo. Kijana akaona mambo yanaharibika, akasema hapana mzee, hilo si la kwetu, ni la simu za wageni. Mzee akanyamaza kidogo.

"Kumbe simu nazo zinakaa vikao siku hizi."

Ukumbi mzima kicheko, kijana wa watu akainama. Mi sikucheka sana, manake mle ndani mzee ndo alikuwa anaongea Kiswahili na kijana alikuwa anasoma alichopewa na mashine, na bado aliyeonekana mshamba ni mzee.

Sasa tuulizane, azimio ni nini? Ni jambo ambalo watu wamekaa, wamebishana, wamekunywa chai, wamebishana tena, mwisho wakakubaliana kwamba tutafanya hivi. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Arusha mwishoni mwa Januari 1967, tarehe 5 Februari likatangazwa Azimio la Arusha. Likaja la Iringa 1972, watu wakaambiwa siasa ni kilimo. La Musoma 1974, mambo ya elimu. Wakenya nao uchaguzi wa 2022 walikuwa na muungano mzima unaitwa Azimio, na huko pia walikuwepo watu, tena wengi, tena wenye kelele. Kila azimio unalolijua lina mtu nyuma yake aliyeamua kitu. Skrini ya simu imeamua nini? Imekaa na nani? Akidi ilitimia?

Asili yake nakugusia tu tusipotee. Ni Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kukata shauri, kunuia kwa dhati, ndo tukapata kuazimia. Huko huko ndo inakotoka azima ile ya waganga, hirizi, manake nayo ni kitu kilichosomewa kwa nia. Kwa hiyo ukisema "azima la skrini" ningekuelewa kidogo, labda simu imefungwa isiibiwe. Azimio, hapana.

Mkosaji anajulikana. Waingereza wana neno moja, resolution, linafanya kazi mbili, kwenye mkutano lina maana ya uamuzi na kwenye vioo vya kuangalizia mbali lina maana nyingine kabisa. Ukiangalia nyota mbili zilizokaribiana kwa darubini mbovu unaona nyota moja, kwa darubini nzuri unaona mbili, hiyo nguvu ya kuzitenganisha ndo wameiita hivo, na kutoka kwenye darubini neno likaenda kwenye picha, kutoka kwenye picha likaja kwenye skrini. Mtafsiri akafungua kamusi, akakutana na maana ya kwanza, akaichukua akaenda zake kula. Nilishakutana hata na "utatuzi wa skrini", kana kwamba skrini ina mgogoro wa mpaka na jirani. Na kichekesho ni kwamba lile neno la Kizungu ukilifuata mpaka kwenye Kilatini chake lina maana ya kulegeza, kufungua kilichofungwa. Sasa Azimio la Arusha lilibana viongozi, aliyekuja kulegeza masharti ni Azimio la Zanzibar la 1991. Kwa hiyo kama mtu ana roho ngumu anataka tu azimio kwenye skrini yake basi aandike la Zanzibar.

Twende kwenye swali lako la x, manake hapo ndo kwenye dawa yenyewe. Hiyo x inasomwa "kwa". Mia tatu sitini kwa mia nane. Wala si mimi niliyegundua, nenda duka lolote la magodoro, Morogoro, Mombasa, popote, utasikia "nipe tano kwa sita". Kiwanja ni ishirini kwa ishirini. Fundi wa madirisha anakuuliza nne kwa tano au tano kwa tano. Hakuna mtanzania anayeshindwa kusema kipimo cha pande mbili, tunavisema kila siku mpaka tunapofika kwenye kompyuta ndo ndimi zinakufa ganzi.

Na ukishaingia duka la magodoro usitoke haraka, kaa hapo hapo, kila kitu unachokihitaji kwenye ripoti yako kipo. Unamwambia muuzaji nataka tano kwa sita. Tano ni upana, sita ni urefu, upana unatangulia, na skrini hivo hivo, 360 ni upana na 800 ni urefu, laptopu ya 1366x768 nayo upana umetangulia. Muuzaji atakujibu yapo mawili. Anakupeleka kwa la kwanza, bei chee, unalibonyeza kwa kidole kinazama mpaka unagusa chaga. Anakupeleka kwa la pili, bei imekaza shingo, unabonyeza kinarudi, anakuambia hili haidensiti bosi. Yote mawili tano kwa sita. Shuka litakaloenea hili litaenea na lile, kitanda kitakachobeba hili kitabeba na lile. Kilichotofautiana ni kilichoshindiliwa ndani. Na hapo dukani kuna watu hawajawahi kushika kompyuta maishani mwao, wanatofautisha ukubwa na msongamano bila kugombana, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza azimio la godoro.

Sasa chukua simu mbili. Ya kwanza ya bei nafuu, boksi limeandikwa 720x1600. Ya pili ya kutambia, boksi limeandikwa 1080x2400. Zote zinaingia kwenye tovuti ya mteja wako, na ripoti inaandika nini? 360x800 na 360x800! Hujakosea kusoma. Pikseli ni vile vidoti vidogo vinavyounda picha kwenye kioo. Simu ya kwanza imechukua pikseli zake mbili kwa upana na mbili kwa urefu ikazihesabu kama moja, ya pili imechukua tatu kwa tatu ikazihesabu kama moja, gawanya mwenyewe uone. Wanafanya hivo ili maandishi yasiwe madogo kama sisimizi kwenye kioo chenye pikseli nyingi. iPhone 4 ya 2010 ndo ilifanya watu waanze kukuna vichwa, kioo kilibaki inchi tatu na nusu kama ya kabla yake, pikseli zikapanda kutoka 320 kwa 480 mpaka 640 kwa 960, lakini tovuti ilivyoiuliza wewe una ukubwa gani ikajibu 320 kwa 480 bila kupepesa macho.

Unaona tulipofika? Yaani ile namba kwenye ripoti yako hata kwa Kizungu chenyewe imepewa jina la uongo. Haisemi picha ina ukali kiasi gani, inasema shuka gani litaenea. Tumetafsiri vibaya neno ambalo na lenyewe lilikuwa limekaa vibaya, makosa mawili yamepandiana mgongoni halafu yanaingizwa kwenye ripoti ya mteja. Na kuna siku utaona 1536x864 kwenye orodha, usihangaike kuitafuta dukani, mara nyingi hiyo ni laptopu ya kawaida ya 1920x1080 mwenyewe kaweka maandishi yakuzwe asilimia 125. Gawanya kwa 1.25.

Zamani hii shida haikuwepo. Enzi za intaneti kafe na zile kompyuta zenye chogo, pikseli moja ilikuwa pikseli moja, na tovuti nyingine zilikuwa zinakuandikia kabisa chini kwamba ionekane vizuri tumia 800x600, yaani mgeni anaambiwa abadilishe macho yake kwanza ndo akaribishwe. Leo mwenye tovuti ndo anamfuata mgeni na kioo chake, na ndo maana mteja wako anataka hiyo ripoti. (Na umeandika "wageni", Mungu akubariki, kuna wenzako wanaandika "watembeleaji" kama hawajawahi kupiga hodi mahali.)

Basi tuiteje? "Ubora wa skrini" wanautumia wengi na siupendi, ni tusi kwa mtu mwenye simu ndogo, ukubwa si ubora. "Ung'avu" ni mwanga, ukiongeza ung'avu betri inaisha, pikseli haziongezeki hata moja. "Mwonekano" ni kwa jinsi kitu kinavyoonekana, tuuache huko ulipo, una kazi za kutosha. "Kiwambo" badala ya skrini nakipenda sana, kinatoka kwenye kuwamba, kama ngozi inavyowambwa kwenye ngoma, lakini nikikisema kwa fundi simu ananiangalia kama nimetoka kaburini, yeye anajua kioo, "mzee kioo kimekufa hiki", basi, na mtoto wa dada yangu ndo anayenisindikiza kwa fundi akaniambia "mjomba we sema kioo tu tuondoke". Nikasema kioo.

Kwa namba zako za ripoti andika "Ukubwa wa skrini kwa pikseli". Inatosha, mteja ataelewa, na haidanganyi. Ukizungumzia namba iliyoandikwa kwenye boksi la simu, sema "idadi ya pikseli". Ukizungumzia zilivyoshindiliwa, ile ya pikseli ngapi kwa inchi, sema "msongamano wa pikseli", ndo haidensiti yenyewe. Na ukizungumzia macho ya mtu, kama picha iko safi au ina chenga, basi sema hivo hivo, safi au ina chenga, hakuna mswahili atakayekuuliza una maana gani, tulishaziona chenga za kwenye TV za antena zote.

Kuna watakaosema si tuseme tu "rezolusheni" yaishe. Semeni. Nimeshazeeka, sina nguvu ya kupigana na kila kitu, na mgeni anayeingia kwa jina lake mwenyewe simkatai, anayenikera ni anayeingia kwa kitambulisho cha mwenzake. Rezolusheni haijamnyang'anya mtu neno lake. Azimio lina mwenyewe, na mwenyewe bado anaishi, anakaa vikao kila mwezi.

Ule ushirika wetu kwa mfano. Kikao kilichofuata tukagawiwa muhtasari wa kile kilichopita, tuupitie tuuthibitishe kama kawaida. Nikafika ukurasa wa tatu. Katibu yule, mtu makini sana, hakutaka kuaibika mara ya pili kwa azimio kukosekana kwenye makabrasha, akaliingiza kwa mkono wake: "Azimio Na. 7: Simu za wageni ziwe 360 kwa 800." Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye marekebisho. Nikanyoosha mkono, ila chai ilikuwa imeshaanza kupita, muhtasari ukathibitishwa.