Mgonjwa akikukataa kwa weusi wako

Kwetu Tanga mimi ni maji ya kunde. Kufika Minnesota, Marekani, nikawa mweusi, basi. Baadaye ndipo nikagundua kwamba hata huo weusi una madaraja.

Boksi langu, yaani kibarua changu huku, ni kuhudumia wazee. Asubuhi moja nimeingia na beseni la maji ya moto, taulo begani, bibi akanitazama, akasema aletewe "yule mwingine, asiye mweusi sana". Yule mwingine ni Mmarekani mweusi wa Louisiana. Msimamizi wetu, mweusi pia, akabadilisha ratiba kimyakimya. Nikahamishiwa vyumba vya mwisho wa korido, maji yakiwa yameshapoa.

Nilinyamaza, na hapo ndipo nilipokosea. Nilijiambia bibi ni mzee, na msimamizi ni mweusi mwenzangu, nitamshtaki kwa ubaguzi gani? Kumbe Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inataja mbari ya mtu (race) na rangi ya ngozi yake kama mambo mawili tofauti. Mweusi akimbagua mweusi mwenzake kazini kwa rangi ya ngozi, mwajiri anaweza kuwajibika. Na mwaka 2010 mahakama ya rufaa huko Chicago iliamua kesi ya mhudumu wa Indiana ambaye kituo chake kiliandika kabisa kwenye ratiba kwamba mkazi fulani hataki wahudumu weusi. Majaji walisema matakwa ya mkazi hayampi mwajiri ruhusa ya kubagua.

Kwa hiyo yakikukuta, andika kabla hujalala: tarehe, saa, maneno yenyewe, nani alikuwepo. Usipige picha, simu kwenye chumba cha mgonjwa itakufukuzisha kazi wewe. Lalamika kwa barua pepe; ya mdomoni yatakanwa. Tume ya shirikisho ya ajira (EEOC) inakupa siku 180 tangu tukio kupeleka malalamiko, na kwenye majimbo yenye chombo chake cha haki, 300. Mimi nilikuja kuuliza baada ya mwaka na nusu.

La aibu zaidi: wiki ileile nilimwagiza dada mkorogo wa kung'arisha ngozi. Ulikuja kwenye sanduku la mgeni, umeviringishwa kwenye kanga. Nikaupaka siku tatu. Yule mwenzangu wa Louisiana alikiona kikopo kwenye mkoba wangu, akaniambia utotoni bibi yake alikuwa akimkataza kucheza juani asije akaharibu rangi. Tukakaa kimya, kila mtu na chai yake.

Baadhi ya mikorogo hukutwa na zebaki, nayo huweza kuharibu figo. Changu nilikipeleka kwenye kituo cha taka za sumu. Kijana wa pale alikipokea kwa glavu.