Maswali na Majibu: Saa tisa usiku, chini ya Forester Pass

Toleo lililopita tuligusia Pacific Crest Trail, njia ya miguu ya kilomita 4,265 hivi kutoka mpaka wa Marekani na Meksiko hadi mpaka wa Kanada. Barua zilizokuja karibu zote zimeng'ang'ania siku moja: siku ya kuvuka Forester Pass. Hicho ni kipito cha mita 4,009 katika milima ya Sierra Nevada, California, na ndipo mahali pa juu kuliko pote katika njia hiyo. Anayeanza safari kusini mwezi wa Aprili hukifikia mwishoni mwa Mei au Juni, theluji ikiwa bado imelala. Majibu haya ni ya msimu huo. Ukipita Agosti utakuta mawe na vumbi, na shoka lako la barafu litakuwa mzigo wa bure.

Kutoka kijito cha Tyndall hadi juu ya kipito ni kama kilomita nane. Kwa nini kila mtu anasema niondoke saa tisa usiku? Kilomita nane si saa mbili tu? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Kwenye lami, ndiyo. Kwenye theluji, tena ukipanda mita karibu 700, hesabu saa nne hadi tano.

Theluji ya Juni huyeyuka mchana na kuganda usiku. Alfajiri inakubeba kama sakafu. Ikifika saa nne asubuhi ngozi ya juu imelegea, na saa sita unatembea kwenye uji. Kila hatua mguu unadidimia hadi gotini, mara nyingine hadi pajani, nawe unauchomoa kwa nguvu na kuuzamisha mwingine. Mwendo unashuka chini ya kilomita moja kwa saa, na tatizo si uchovu peke yake. Mguu ukizama kando ya jiwe ndipo mifupa inapoumia. Jiwe likipigwa na jua huyeyusha theluji inayolizunguka na kuacha shimo usiloliona. Ugoko unachunwa, kifundo kinapinda. Kaa mbali na kila jiwe jeusi linalochungulia, hasa kuanzia saa tatu asubuhi.

Kwa hiyo panga siku yako kinyumenyume. Unataka uwe juu kabla ya saa mbili asubuhi, ili upande wa kaskazini pia uushuke kabla haujawa uji. Toa saa tano: saa tisa usiku. Jua la Juni huko linachomoza kwenye saa kumi na moja na nusu, basi saa mbili na zaidi za kwanza ni za taa ya kichwani.

Kabla ya kukunja hema, toka nje upige kisigino chini kwa nguvu. Kikiacha alama tu, nenda. Kikizama hadi kifundoni, theluji haikuganda, na kuganda haitaganda tena. Hilo hutokea usiku wa mawingu, kwa sababu mawingu huzuia joto la ardhi lisipande angani. Rudi ulale, subiri usiku wa anga safi. Siku moja ya chakula cha akiba imebebwa kwa ajili hiyo.

Siku ya kabla ya hapo niifanyeje? Nasikia mito inatisha kuliko kipito chenyewe. (Msomaji, Minneapolis)

Umesikia sawa. Kati ya malisho ya Crabtree na kijito cha Tyndall kuna kilomita 14 hivi, na katikati unavuka vijito vya Wallace na Wright. Maji hayo ni theluji iliyoyeyuka: hupungua kuelekea alfajiri na kujaa jioni. Ondoka Crabtree kukipambazuka, vuka Wallace na Wright maji yakiwa chini, pita uwanda wa Bighorn, ufike Tyndall kabla ya adhuhuri. Ukiona panavukika, vuka siku hiyo hiyo ulale ng'ambo. Anayelala upande wa kusini atalazimika kuvuka usiku wa manane, kisha apande theluji na viatu vinavyochuruzika. Kama maji yamejaa mno, afadhali hivyo kuliko kulazimisha jioni.

Jinsi ya kuvuka: usitazame unapoingilia tu, tazama mita 50 chini yake. Kukiwa na maporomoko, miti iliyolala majini au daraja la theluji ambalo mto unaingia chini yake, tafuta pengine. Penye upana na vijito vilivyogawanyika ni bora kuliko penye wembamba, hata kama panachosha. Fungua mikanda ya begi ya kiuno na kifua, maana begi lililofungwa litakuzamisha. Viatu visivuliwe. Elekeza uso kule maji yanakotoka, chomeka fimbo mbele yako, na utembee kiubavu ukisogeza kitu kimoja kwa wakati: fimbo, mguu, mguu. Maji ya kasi yakifika katikati ya paja, rudi. Ukibebwa, achana na begi, lala chali miguu ikitangulia, na upige mikono kuelekea ukingoni.

Kuna wanaopenda kuruka kutoka jiwe hadi jiwe ili wasilowe. Asubuhi mawe hayo yana ngozi ya barafu isiyoonekana. Lowa tu.

Mimi ni mwongoza wageni mlimani Kilimanjaro, nimefika Uhuru mara nyingi bila shoka la barafu. Huko linahitajika kweli, au ni mbwembwe za wauza vifaa? (Msomaji, Moshi)

Kaka, kwa habari ya mwinuko wewe ndiye mwalimu. Kibo, pale wageni wanapolala kabla ya kwenda kileleni, ni mita 4,720, juu kuliko kipito hiki. Tofauti iko chini ya kiatu. Kwenye changarawe ya Kibo mtu akiteleza anakaa kitako. Kwenye theluji iliyoganda akiteleza anaendelea, na mwendo unaongezeka kila sekunde hadi akutane na mawe.

Upande wa kusini wa Forester ni ukuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mafundi waliilipua njia kwa baruti ndani ya mwamba, ikipanda kwa kona kona. Wakati wa theluji kona zile hufunikwa, zinatokeza vipande tu. Karibu na juu njia inakata mfereji mwembamba wa theluji unaoshuka moja kwa moja. Kuuvuka ni hatua chache, dakika mbili tatu. Kwa kawaida utakuta vijishimo vya nyayo za waliotangulia, vimeganda. Usiviamini kwa macho: piga ncha ya kiatu ndani ya kila kimoja mara mbili kabla ya kukipa uzito. Shoka liwe mkono wa upande wa mlima, lichomekwe hadi lishike, ndipo usogeze mguu. Fimbo za kutembelea zifungwe begini. Mtu mmoja avuke, wengine wangoje kando, si chini yake. Mfereji unaelekea kusini na unapata jua mapema. Jua likishaupiga vizuri, mawe huanza kudondoka.

Shoka la sentimita 60 hadi 70 linatosha. Linafanya kazi hivi: mkono mmoja umeshika kichwa, mwingine umeshika mpini karibu na ncha ya chini. Ukianguka, vuta kichwa cha shoka kifike chini kidogo ya bega, mpini ukikatiza kifua, kisha jigeuze kifudifudi kwa kupitia upande wa kichwa cha shoka. Ukijigeuza kwa upande wa ncha ya chini, ncha itakita kwanza na kulipokonya shoka mikononi mwako. Lalia shoka kwa kifua, inua kiuno ili uzito uende kwenye mdomo wake. Kama umevaa meno ya chuma miguuni, kunja magoti miguu iwe hewani, kwani meno yakikita utapinduka. Hili halijifunzwi kwa kusoma. Tafuta mteremko mfupi unaoishia pa tambarare bila mawe, uanguke makusudi mara 20: kifudifudi, chali, kichwa chini. Shoka ambalo halijafanyiwa mazoezi ni pambo la begi.

Kuhusu meno yenyewe: minyororo yenye meno mafupi inayovutwa juu ya kiatu kwa mpira inawatosha wengi hapa. Kwenye barafu ngumu au mteremko mkali zaidi huzunguka mguuni na kukuachia. Meno marefu ya chuma hayafanyi hivyo, lakini yanadai kiatu kigumu.

Kushuka, naweza kuserereka kwa makalio? Nimeona picha. (Msomaji, Nairobi)

Inawezekana, ila vua meno ya miguuni kwanza. Yakinasa, kifundo kinavunjika. Serereka pale tu unapoona mwisho wa mteremko kwa macho yako na hauna mawe, theluji ikiwa imelegea kidogo. Ikiwa bado ngumu kama kioo, shuka kwa miguu.

Mwanangu yuko njiani sasa. Alituma ujumbe kuwa kesho anavuka kipito, sasa siku mbili kimya. Nimpigie nani? (Mama, Dar es Salaam)

Shikamoo, mama. Siku mbili za kimya eneo lile ni jambo la kawaida. Kati ya Crabtree na upande wa pili usitegemee mtandao wa simu kabisa. Kama ana kifaa cha satelaiti, ujumbe unaweza kukwama kwenye bonde lenye kuta ndefu au msitu, na baridi huimaliza betri. Akivuka ana kilomita kama 12 za kushuka hadi malisho ya Vidette, kisha wengi hutoka kwa kipito cha Kearsarge, mita 3,584, kwenda mji wa Independence kununua chakula. Simu yake huenda ikapatikana akikaribia huko.

Kuanzia sasa pataneni siku na saa kabisa: "Nisiposikika hadi Jumamosi saa kumi na mbili jioni saa za California, piga." Saa hiyo ikipita, simu inakwenda kwa askari wa Hifadhi za Sequoia na Kings Canyon, kwa kuwa kipito kiko kwenye mpaka wa hifadhi hizo mbili na uokoaji wa humo ni kazi yao. Watauliza rangi ya hema na koti, mahali alipojitaja mara ya mwisho, chakula cha siku ngapi alichobeba, na kama yuko peke yake. Yaandike mapema, usisubiri wasiwasi ukufunge ulimi.

Jiko langu la gesi hukohoa asubuhi na kichujio cha maji kiliganda. Kuna dawa? (Msomaji, Toronto)

Angalia maandishi kwenye mtungi. Butani ya kawaida haigeuki mvuke chini ya nyuzi -0.5, isobutani inavumilia hadi karibu -12, propani hadi -42. Nunua mchanganyiko wa isobutani na propani. Ila propani hutangulia kuisha, kwa hiyo mtungi uliobaki robo hukohoa hata ukiwa mzuri. Lala nao ndani ya begi la kulalia, au usimamishe kwenye sahani ya maji unapowasha. Usiuchome kwa moto.

Kichujio cha nyuzi kikishaganda kikiwa na maji, kitupe. Nyuzi hupasuka kwa ndani, maji yanapita vizuri kuliko jana, nawe unafurahi huku vijidudu vinapita pia. Kinachobaki ni vidonge, na kwenye maji ya baridi vipe muda mrefu zaidi. Kichujio kipya, simu na betri vilale nawe. Viatu vilegeze kamba na kuvitanua mdomo kabla ya kulala. Vikiganda vimejifunga, saa tisa usiku utavipiga mawe.

Nibebe chakula kiasi gani, na naweza kupika maharage? (Msomaji, Muscat)

Maharage, hapana. Mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 88 au 89 hivi, utamaliza gesi yako na yatabaki mawe. Kutoka Kennedy Meadows, kijiji kilicho kusini mwa kipito, hadi barabarani kupitia Kearsarge ni karibu kilomita 150. Theluji ikiwa nyingi hesabu siku nane na moja ya akiba, gramu 800 hadi 1,000 kwa siku. Karanga zina kalori karibu 570 kwa gramu 100, tende karibu 280. Kashata ya karanga inashinda biskuti nyingi za dukani, na haivunjiki vipande. Vyote viingie kwenye pipa gumu la kuzuia dubu, ambalo hifadhi inalidai sehemu hii. Lita 11 hivi hushika siku saba zikishindiliwa, kwa hiyo chakula cha siku mbili za kwanza ndicho kitakachobaki nje, uanze na hicho.

Usiku wa kipito usipike. Kashata ziwe mfukoni, chupa ya maji ndani ya koti.

Ngozi yangu ni nyeusi. Nahitaji mafuta ya jua? (Msomaji, London)

Unahitaji, na miwani zaidi. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale, basi jua linakupiga kutoka chini: paka chini ya kidevu, nyuma ya masikio na ndani ya pua. Macho hayajui rangi ya ngozi. Ukitembea bila miwani asubuhi, jioni macho yatakuwa kama yamemwagiwa mchanga, na huenda usione njia kwa siku moja au mbili. Miwani iwe na kinga pembeni na kamba ya shingoni. Ikipotea, kata kipande cha kadibodi, kitobolewe mwanya mwembamba mbele ya kila jicho, ukifunge kwa uzi.