Umri wa kuridhia ngono hauamui nani asaini utoaji mimba
Je, umri wa kuridhia ngono ndio unaoamua kama msichana Marekani anahitaji saini ya mzazi ili atoe mimba? Hapana, hizo ni sheria mbili tofauti. Umri wa kuridhia ngono Marekani ni miaka 16 hadi 18 kulingana na jimbo, na kazi yake ni kumbana aliyelala na mtoto, si kumfungia msichana matibabu. California umri huo ni 18, lakini binti wa miaka 15 anatoa mimba bila saini ya mzazi. Massachusetts, tangu sheria ya 2020, ridhaa ya mzazi inadaiwa kwa walio chini ya miaka 16 tu.

Angalia pia neno lililotumika kwenye sheria ya jimbo lako: "ridhaa" maana yake mzazi akubali, "taarifa" maana yake ajulishwe tu. Watu wengi wanachanganya hapa.

Asiyeweza kumwambia mzazi anaomba kibali cha jaji, njia iliyotokana na kesi ya Bellotti v. Baird iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1979. Jaji anapima kama binti amekomaa kiasi cha kuamua mwenyewe. Kama hajakomaa, jaji anaangalia kama kutoa mimba ni kwa maslahi ya binti. Aombe mapema, maana kila siku inayopotea mimba inakua na jimbo linaweza kuwa na ukomo wa wiki za mimba.

Tahadhari: daktari akishuku ubakaji au unyanyasaji wa mtoto, analazimika kuripoti. Na tangu uamuzi wa Dobbs wa 2022, ambapo Mahakama Kuu ya Marekani iliondoa haki ya kikatiba ya kutoa mimba, kwenye majimbo yaliyopiga marufuku utoaji mimba, saini ya mzazi haifungui mlango wowote.