Wasomaji Wauliza: Malindi hadi Watamu, Mfuate Maji

SWALI: Wahariri, hamjambo? Tunakaa Malindi. Likizo hii tunataka kuwatembeza watoto kwa gari hadi Gede na Watamu, waone bahari, msitu na ndege, kisha turudi kulala nyumbani. Twende tarehe gani, na tuanzie wapi?
*Mama wa watoto watatu, Malindi*

JIBU: Mama, tarehe kwanza. Angalieni mwezi: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 kwa kalenda ya Kiislamu huwa ni bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana. Siku hizo, upande wetu, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa tele saa kumi au kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata saa husogea kama dakika 50. Mkienda wakati wa maji mafu, karibu tarehe 8 au 22 za kalenda hiyo, maji hayaondoki mbali na mwamba hautokezi.

Tokeni alfajiri, kukipambazuka muwe kituo cha msitu wa Arabuko-Sokoke, kusini kidogo ya njia panda ya Gede. Jua likishapanda, ndege hunyamaza. Watoto wamtafute sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, kwani msitu huu ndio ngome yake kuu. Simameni kimya: mtasikia majani makavu yakichakurwa kabla hamjamwona, na akishtuka hupiga mkia chini kabla ya kutimka. Mwongozaji aagizwe siku moja kabla. Bila yeye mtapita chini ya bundi wa Sokoke, ambaye ni mdogo kuliko njiwa, naye amelala juu yenu.

Saa tatu muwe mmefika Watamu. Ada ya hifadhi ya bahari lipieni nyumbani kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, maana kuhangaika na mtandao getini huku maji yanapwa ni hasara. Pandeni boti saa moja kabla ya maji kufika chini kabisa. Matumbawe huonekana vizuri, na bado pana kina cha kutosha boti lisiyaguse. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea linalomtosha. Mlipime hivi: shikeni jaketi mabegani mlivute juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa, na majini litamvuka. Kwenye vidimbwi vya mwambani wavae viatu vya mpira vinavyobana mguu. Makubazi huchomoka, na mle ndani mna miiba mirefu myeusi. Matumbawe yasikanyagwe kamwe, ni viumbe hai.

Adhuhuri nendeni magofu ya Gede, kwa sababu miti mikubwa huyatia kivuli. Mji huo uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024. Chakula kiacheni garini, kima wa pale hupokonya.

Malizieni kwenye hori ya Mida, karibu na Watamu, saa kumi, maji yakijaa, mpite kwa mtumbwi katikati ya mikoko. Kati ya Septemba na Aprili wapo pia ndege wahamiaji. Hao huonekana zaidi matope yakiwa wazi, kwa hiyo anayewapenda kuliko matumbawe aanzie Mida asubuhi.

SWALI: Tuna gari la 4x4. Tunaweza kushuka nalo hadi ufukweni?
*Kijana wa Gongoni*

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Kasa hutaga kwenye mchanga huo, na mayai hukaa chini kama miezi miwili. Tairi huyavunja. Hata yakisalimika, vifaranga hutumbukia kwenye alama za tairi, wakashindwa kutoka na wasifike majini. Egesheni juu, mteremke kwa miguu.

SWALI: Kwa nini Novemba na Desemba bahari ya Malindi huwa ya tope, lakini Watamu ni safi?
*Msomaji, Shela, Malindi*

JIBU: Ni mto Sabaki, ambao huko bara huitwa Athi, kisha Galana. Mvua za vuli huuletea udongo mwingi, na upepo wa kaskazi ukianza huusukuma kusini, moja kwa moja hadi Malindi. Watamu iko mbali zaidi, tope hupungua kabla ya kufika. Wakati wa upepo wa kusi tope huelekea kaskazini, Mambrui. Hivyo miezi hiyo ya vuli boti mkalipandie Watamu, si Malindi. Mdomo wa Sabaki wenyewe unafaa sana kwa kutazama heroe (flamingo), ila muondoke kabla ya magharibi: kuna viboko, na msikae kati yao na maji.